Hatua Mia Mbili kwa Milimita

4 Februari

Mdogo wangu Injinia,

Barua yako ya kufika salama imenifikia, imekunjwa mara nne na ina doa la grisi, nikajua kweli ni yako. Nashukuru umepata chumba chenye dirisha. Kama huko kambini hakuna mtandao wa simu kabisa, basi huna kisingizio: lori la vifaa linakuja huko kila wiki, na dereva ameniahidi kuwa tarishi wetu mpaka hilo bwawa lenu lijae maji.

Baba hajambo. Anasema ule mswaki uliousahau bafuni ameutumia kupaka gundi, kwa hiyo usiuulizie.

Karakana imepata kazi kubwa: makabati ya nguo ishirini ya bweni la chuo cha wauguzi, kila moja na droo mbili chini. Mashine yako ya kukata kwa kompyuta inakata kasha lote, mbavu mpaka mgongo. Droo anazitengeneza Baba kwa mkono, kwenye benchi lake kule nyuma. Tumegawana hivyo ili mtu asimsubiri mwenzake, kisha tutakutanisha mwishoni. Vipimo viko kwenye karatasi moja, nakala yake anayo na yangu ninayo.

Sasa mashine yenyewe imenianzia vituko. Inakata vizuri, ghafla inasimama katikati ya ubao, na kwenye kompyuta inaandika Alarm:1. Nimesoma yale maelezo uliyobandika ukutani: eti imegonga swichi ya mwisho wa njia. Haijagonga kitu! Iko katikati kabisa, imesimama inanitazama. Ubao wa tatu huu naharibu. Wewe ndiye uliyeiunga, ukaitia hiyo programu ya bure inayotengenezwa na watu wasiojuana, ukapanga namba zake, ukapanda lori ukaondoka. Niambie nifanye nini. Mimi najua mbao, sijui waya.

Dada yako


9 Februari

Dada Bosi,

Shikamoo. Usiitukane programu, haina kosa. Nijibu kwanza: inasimama ukiwa umewasha lile dude la kufyonza vumbi? Nakula kiapo kwamba ndiyo.

Kosa ni la haraka zangu za kuwahi safari. Nyaya nyembamba za swichi nilizifunga pamoja na waya mnene wa mota ya kukatia. Umeme wa mota ukivurugika, zile nyembamba zinashtuka, na programu inadhani swichi imeguswa. Zifungue. Zipitishe upande wa pili wa meza, na pale zinapolazimika kukutana na ule mnene zikatizane tu, zisilale pamoja. Dude la vumbi lipe soketi yake peke yake.

Kwenye majukwaa ya programu hii mtandaoni kuna watu watakaokuambia uzime swichi kabisa: mstari wa 21 wa mpangilio, andika sifuri, tatizo limekwisha. Usithubutu. Hiyo ni dawa ya wavivu. Kelele itanyamaza, lakini siku mashine ikienda kweli kugonga fremu hakutakuwa na wa kuizuia.

Ukimaliza, andika alama ya dola mara mbili, bonyeza kitufe cha kuingiza. Itakutolea mpangilio wote, mstari kwa mstari. Unakili, uniletee niupitie huku nikiwa nimetulia.

Mwambie Mzee Milimita mswaki nimemsamehe. Bado wateja wanamwita hivyo? Msalimie sana. Mwambie karakana yetu sasa ina mafundi wawili wasiokosea, yeye na mashine.

Mdogo wako


18 Februari

Mdogo wangu,

Ulikuwa sawa kuhusu waya. Nilizitenganisha asubuhi, na tangu hapo Alarm sijaiona. Nilikusifia mpaka jirani fundi viatu akaniuliza kama unaoa au vipi.

Orodha yako hii hapa, nimeinakili yote nyuma ya karatasi hii. Mstari wa 100 unasema 199.402, wa 101 vilevile 199.402, na mingine usome mwenyewe, kichwa kinaniuma.

Sasa la Baba. Sijui nianzie wapi.

Makasha sita yalikuwa tayari, tukaleta droo zake tuzijaribu. Hata moja haikuingia. Si kwamba zilibana kidogo, ziligoma. Tundu la droo ni milimita mia nane, droo inatakiwa mia saba tisini na nane, ipate milimita moja ya hewa kila upande, kama alivyotufundisha mwenyewe tangu tukiwa tunakalia vipande vya magogo. Akatoa ile mita yake ya chuma ya kukunja, akapima droo: mia saba tisini na nane. Akapima tundu, akasema, "Mashine yenu inapunja."

Nikachukua futi yako ya njano, ile uliyoiacha inaning'inia kwenye mashine. Tundu mia nane barabara. Droo ya Baba mia nane na ushei. Mashine inasema mia nane, futi inasema mia nane, yeye peke yake anasema vingine, na chuma chake ni cha miaka arobaini, tarakimu zenyewe zimefutika nusu.

Msimamizi wa bweni alikuwa amesimama pale pale, amekuja kuona maendeleo. Nilipata aibu, nikaropoka mbele yake: "Baba, macho yako yamechoka. Kubali tu." Aliifuta mita yake kwa shati, akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda kukaa kule nyuma. Chai niliyompelekea niliikuta imepoa.

Tangu siku hiyo hajasema tena kwamba mashine inapunja. Droo kumi na mbili nimezipeleka zikapunguzwe, na yeye nitampeleka kwa daktari wa macho. Nimemkosea adabu, najua. Ila wewe ungefanyaje? Namba ni namba.

Dada yako


23 Februari
(Haikutumwa)

Dada,

Baba hana kosa.

Unakumbuka lile duka la rangi lililokuwa linagawa futi za njano, zina tangazo lao mgongoni? Nilipewa mbili. Moja niliiacha kwenye mashine, nyingine nilikuja nayo. Leo asubuhi tulikuwa tunaweka alama za mtaro wa nyaya, mimi na mpima ardhi, na vipimo vyetu havikukubaliana. Akalaza futi yake kando ya yangu juu ya ubao. Pale yake iliposema mita moja, yangu ilisema mita moja na milimita tatu. Akacheka, akaniambia hiyo ni ya kupimia keki. Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikakumbuka nilichofanya nyumbani na futi kama hiyo, nikaacha kucheka.

Mashine haijui milimita. Inajua hatua za mota tu, na ni mtu anayeiambia milimita moja ni hatua ngapi. Mstari wa 100 ndio unaosema hivyo kwa upande mmoja, wa 101 kwa upande wa pili. Kwa mota zetu na skrubu zetu jibu ni 200, halina ubishi, hata karatasi ya mota inasema. Siku ile ya kupanga nikaituma mashine iende mita moja, nikapima kwa futi ya zawadi, ikaniambia imepitiliza milimita tatu. Ningepaswa kujiuliza. Sikujiuliza. Nikapunguza hatua mpaka futi iliporidhika: 199.402. Tangu hapo mashine ikisema mia nane inakata mia saba tisini na saba na nusu. Na ukitaka kuihakikisha unaipima kwa futi ile ile iliyoidanganya, lazima zikubaliane.

Baba alikuwepo. Alinikunjulia mita yake akasema, "Hakikisha na hii kwanza." Nami nikamwambia hiyo aipeleke makumbusho. Ulicheka. Naye alicheka, unakumbuka?

Kosa ni langu lote. Msomee barua hii neno kwa neno.

Mdogo wako


24 Februari

Dada Bosi,

Pole na kazi, na pole kwa mambo ya Mzee. Usimkaripie sana, ni uzee tu, huja kwa kila mtu.

Orodha nimeipitia, iko safi. Kuna kitu kidogo: waliotengeneza programu wametoa toleo jipya, na wanashauri mistari ya 100 na 101 iwe namba kamili, haipendezi kuwa na mikia. Andika $100=200, bonyeza kuingiza, halafu $101=200, bonyeza kuingiza. Haibadilishi kitu, ni usafi tu.

Na ile futi ya njano itupe. Chuma chake kimelegea, nimeona hii ya kwangu inavyofanya. Nunua nyingine duka la vifaa, ya kulipia.

Nina haraka, dereva amewasha gari.

Mdogo wako


11 Machi

Mdogo wangu,

Wiki tatu sijaandika. Nilitaka nikuandikie habari njema kwanza, ikawa kila nikishika kalamu habari inageuka.

Habari njema ilikuwepo, hebu nikupe. Siku chache baada ya yale ya msimamizi, Baba alikuja mbele akakaa kando ya mashine, akawa anatazama makasha. Alikata kijiti chembamba, akakiingiza kwenye tundu la droo, akakiweka alama kwa kisu, akakikatia pale pale, akarudi nacho nyuma. Droo zote alizotengeneza baada ya hapo ziliingia kwa kidole kimoja. Nane kwa mpigo! Nilimkumbatia. Nikamwambia, "Umeona? Ukituliza macho unaweza." Akatabasamu nusu.

Akaendelea kutengeneza nyingine kwa kijiti kile, ishirini nzima, huku mimi nakata makasha ya mwisho. Jumatatu tukakutanisha. Mdogo wangu, droo zilikuwa zinaogelea. Unaweza kupitisha njiti ya kiberiti pembeni. Zinagonga huku na huku, ukivuta inakuja kombo. Nikapima kwa futi mpya: makasha sawasawa, mia nane. Droo zake mia saba tisini na tano na nusu. Mara ya kwanza kubwa, mara ya pili zinafaa, mara ya tatu ndogo. Mtu wa vipimo miaka arobaini.

Nilimuuliza, safari hii kwa upole. Akanitolea kijiti. "Nilichukua kipimo kwenye tundu lenyewe." Nikamwonyesha tundu. Akakiingiza kijiti, kikapwaya. Alikitoa akakiingiza tena, mara tatu, mara nne. Mwisho akasema, "Mashine imebadilika." Nikamwambia mashine haibadiliki, Baba. Akasema, "Basi imebadilika." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza.

Daktari wa macho nilishampeleka, sikukwambia. Alisema macho yake yanaona kuliko yangu mimi. Sikufurahi, maana kama si macho, ni nini? Unajua kilichobaki. Mtu anayesema mashine imebadilika yenyewe, anarudia neno moja, anakazania kijiti. Jirani fundi viatu alimuuguza baba yake hivyo hivyo, anasema huanza na vitu vidogo.

Nilizungumza na Baba. Nilidhani atafoka. Alisikiliza yote, akasema, "Nami nimeliona." Amefunga patasi na randa zake kwenye blanketi akaziweka uvunguni. Sasa anapiga msasa, anafagia, anawafungulia wateja geti. Msimamizi alipokuja, Baba alimkaribisha kiti akaondoka kabla hajaulizwa kitu. Amesema hata benchi lake tulivunje, linatuzibia nafasi na mbao zake bado nzuri.

Hospitali kuna daktari wa mambo ya kichwa. Tumepewa miadi ya tarehe 25. Baba ameniomba niingie naye, ili nijibu akishindwa.

Nijibu kitu kimoja, wewe unayeijua: nilimwambia mashine haibadiliki. Nilisema kweli?

Dada yako


14 Machi

Dada,

Hukusema kweli, lakini mwongo si wewe. Mashine ilibadilika. Niliibadilisha mimi, kwa mkono wako.

Usimpeleke Baba hospitali kabla hujamaliza kusoma. Benchi lisiguswe. Nimeomba ruhusa nije mwenyewe, nimenyimwa, tunawasha paneli za mitambo wiki hii na hakuna mwingine anayezijua. Nimemwapisha dereva akukabidhi barua hii mkononi.

Ndani utakuta barua nyingine, ya tarehe 23 Februari. Isome kwanza, kisha urudi kwenye hii.

Umeisoma? Basi unaona: siku ile nilijua kila kitu, nikakiandika chote, nikakiweka ndani ya daftari. Asubuhi yake nikakutumia uongo. Hakuna toleo jipya lililotaka namba kamili. Nilikuwa nasahihisha kosa langu kimyakimya, mtu asijue lilikuwepo. Niliwaza hivi: mashine itakuwa sawa, droo za Baba zitaingia, mtasahau, na mimi nitabaki Injinia. Nilipiga hesabu zote isipokuwa hiyo ya Baba. Haikunijia kabisa kwamba huku mimi naificha, yeye ameshaitafuta njia yake mwenyewe. Fundi mzima, ameinama, anachonga kijiti kukifuata kipimo changu kibovu bila kumlalamikia mtu. Alikuwa amepata. Kijiti kile kilikuwa sahihi kabisa mpaka ulipobonyeza kuingiza. Kipime sasa: utaona ni mia saba tisini na saba na nusu, ndilo tundu la mashine ya zamani. Ukitaka uhakika zaidi chukua kasha la mwanzo na kasha la mwisho, pima yote mawili kwa futi mpya. Hayalingani. Kwa nini sikukwambia haya wiki tatu zilizopita?

Unajua kwa nini. Wewe ulinisomesha. Kila mgeni akiingia karakana unamwonyesha mashine, unasema mdogo wangu ndiye aliyeitengeneza. Baba naye, aliyenitania mpaka basi, nilimsikia siku moja anamwambia mteja kwamba mwanawe anaongea na mota na zinamsikia. Nilishindwa kuwaambia kwamba nilidanganywa na futi ya bure ya duka la rangi, baada ya Baba kunipa yake nikaikejeli. Aibu ndogo namna hiyo, Dada. Nikiitazama sasa, ingekwisha kwa kicheko cha siku moja.

Nikakuandikia kwamba ni uzee tu, huja kwa kila mtu. Sentensi hiyo naisikia nikiwa natembea, nikiwa nakula, nikiwa nazungumza na watu. Kwenye waya wa swichi nilikukataza usifanye uvivu, nikakuhubiria kabisa. Roho inanisuta.

Mwambie Baba kichwa chake kizima. Mwambie leo hii. Barua zote mbili msomee, na ile ya uongo ya tarehe 24 pia msomee, usinifichie kitu.

Mdogo wako


20 Machi

Wewe,

Lori liliharibika njiani, barua yako imefika jana. Benchi tulilivunja Jumatatu. Baba mwenyewe alishika nyundo, akawa ananielekeza pa kugonga ili mbao zisipasuke.

Nilisoma nikiwa nimesimama getini. Nikapima makasha mawili kama ulivyosema, nikapima na kijiti. Kisha nikakaa chini kwenye vumbi la mbao. Nilitaka kukutukana matusi yote ninayoyajua, na ninayajua mengi, nimekulia karakana. Lakini kila tusi lilikuwa linanirudia. Futi uliiacha wewe, maneno niliyatamka mimi, tena mbele ya mgeni. Baba alinieleza ukweli mara mbili kwa mdomo wake: mashine inapunja, mashine imebadilika. Na mimi mwenyewe ndiye niliyeandika zile namba siku chache kabla! Vidole vyangu hivi. Ulisema haibadilishi kitu, nikakuamini wewe ambaye hupo, nikamwona mgonjwa yeye niliyenaye.

Nilimpelekea barua kule nyuma, alikuwa amekaa pale benchi lilipokuwa, anapiga msasa. Nikamsomea. Nilipomaliza alisema, "Rudia." Nikarudia yote. Aliuliza tu ni tarehe gani ulijua. Nikamwambia ishirini na tatu Februari. Akahesabu kwa vidole mpaka jana, akatikisa kichwa.

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Akasema niinuke, naziba mwanga.

Miadi ya hospitali nimeifuta. Msimamizi wa bweni nimemfuata ofisini kwake, nimemwambia mbele ya karani wake kwamba fundi aliyekosea ni mimi, na Mzee Milimita alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Hilo angalau limefanyika mbele za watu, kama lile lingine.

Sijui nikuandikie nini zaidi. Nakupenda na sitaki kukuona kwa sasa. Baba ameomba karatasi na bahasha. Amekataa nimwandikie, na amekataa nisome.

Dada yako


20 Machi

Mwanangu,

Mimi si mtu wa barua, utanisamehe mwandiko. Naandika kwa penseli ya mbao, kalamu ya dada yako imekauka.

Nimesomewa. Nimeelewa. La futi halina neno. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi nilikata milango minane ya shule kwa kipimo cha madirisha, bosi wangu akanikimbiza mpaka sokoni. Fundi asiyewahi kuharibu mbao hajafanya kazi. Hilo la makumbusho pia nilishacheka, likaisha.

Ninalokuandikia ni hizi siku ishirini na tano, toka siku uliyojua mpaka niliyosomewa. Nimezihesabu. Nataka uzijue, maana hukuwepo.

Unapokuwa na mbao iliyopinda unajua cha kufanya. Unaitazama kwa jicho moja, unaona ilipopinda. Lakini mtu akikwambia kichwa chako ndicho kilichopinda, utakitazama kwa nini? Kile kijiti nilikipima mimi. Nakumbuka kisu, nakumbuka alama, nakumbuka hata inzi aliyetua mkononi wakati napima. Halafu kijiti kikapwaya mbele ya macho yangu. Nikasema basi hata inzi nimemwota. Kuanzia hapo sikuamini kitu. Nikifunga geti narudi kuangalia kama nimefunga. Nikimsalimia mtu najiuliza kama nimeshamsalimia. Chai nilikuwa naionja kwanza kujua kama nimetia sukari, naona haya kuuliza. Dada yako hakuyaona hayo, nilimficha, ana kazi nyingi.

Sitaki umwambie. Haya ni ya kwako.

Benchi nitaunda jingine. Mbao nimekwishazipanga. Mashine isinikatie hata kipande. Dada yako amenirudishia patasi zangu, leo nimezinoa, mkono unajua kazi yake. Ukipata ruhusa njoo. Nitakukasirikia ukiwa hapa hapa nyumbani, ni rahisi zaidi kuliko kwa barua, na chakula utapewa.

Ndani ya bahasha nimeweka kikaratasi. Kimechakaa kwa sababu kilikuwa mfukoni. Siku ile nilipofunga vyombo vyangu kwenye blanketi nilikaa nikaandika majina yenu, na la marehemu mama yenu, na la mtaa huu, ili ikifika siku nisiyajue niwe na pa kusoma. Kila asubuhi kabla sijatoka kitandani nilikuwa nakifunika kwa kiganja, nataja mmoja mmoja, kisha nafunua nione kama nimepata. Nilipata kila siku. Hata hivyo kila kulipokucha tena nilikuwa naogopa kufunua.

Mimi sikihitaji tena. Kaa nacho wewe.

Utaona jina lako ndilo la kwanza. Si kwa sababu wewe ni mkubwa, wala si kwa sababu nakupenda kuliko dada yako. Wewe ndiye uliye mbali, nikaona wewe ndiye nitakayemsahau kwanza.

Baba yako